Bima ya Mazishi Juu ya Maji

Asubuhi hii niko kwenye feri ya Likoni, mkono mmoja mfuko wa mahamri, wa pili nimekamata bomba, simu ikalia. Nambari ngeni. Na mwenye mtoto wa bweni nambari ngeni haachi ikalia, huenda ni shule.

"Naongea na Mzee Athumani? Simu hii inarekodiwa kuboresha huduma. Tuko na ofa ya bima ya mazishi."

Hata shikamoo hakuna! Niko juu ya mkondo zipitapo meli za Kilindini, mtu anitajia sanda.

Nikajikaza kiungwana. "Binti yangu, nambari hii umeipata wapi?"

"Iko kwenye sistimu, mzee. Inaonyesha unafikisha miaka 58 mwezi ujao."

Mke wangu mwenyewe hilo halijui.

Basi nikatoa sauti ya khutba. Nikamsomea Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 37, kwamba habari za mtu hazifanyiwi biashara bila idhini yake ya wazi. Nikamtajia na faini, hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni kwa mwaka, ile iliyo ndogo. (Iliyo ndogo! Hata sheria yawaonea huruma.)

Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. "Sawa mzee. Nikuandikie ya mtu mmoja ama ya familia?"

Kumbe kidole kimegusa spika, feri nzima yasikia. Mama mwenye ndoo ya samaki akadakia, "Muulize, hitima wapika wao?" Kijana wa mkokoteni naye, "Na nauli ya kumvusha maiti?"

"Feri bure!"

"Bure kwa waendao kwa miguu. Maiti ukamuona wapi akitembea? Yuko ndani ya gari, na gari lalipa."

"Basi ashushwe, abebwe na jeneza!"

"Wanaombeba ndio watembeao, si yeye!"

Binti akasema ngoja amuulize supavaiza. Nikawekewa muziki. Mimi, mtu mzima, nimesimama juani nasikiliza kinanda nikisubiri hukumu ya maiti yangu.

Mpwa wangu asema Marekani wana sheria tangu 1991. Mashine ya kampuni ikikupigia simu ya mkononi bila ruhusa, waweza kuwadai dola 500 kwa kila simu. Wiki hii nimepigiwa mara tisa. Dola 4,500! Ningekuwa nalala Mtongwe kwenye nyumba yangu ya kupangisha. Huku nipeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data, yaamuliwe ndani ya siku 90. Siku 90, na huyu atanipigia kesho. Bado wale wa mikopo, wanaotaka nimkumbushe jirani deni lake.

Supavaiza hakurudi. Yule mama wa samaki ndiye aliyeninyang'anya simu akampa binti nambari yake, kwa hiari, na ya dadake wa Kongowea pia! Jamani, sasa mimi napigania haki ya nani?

Feri ikatia nanga, watu wakanisukuma, mahamri yakawa chapati. Natazama simu: shule ilipiga wakati wa kinanda. Salio sina. Na hayo mahamri, wallahi, nayo siku hizi yamekuwa madogo hadi yule muuzaji ayafunga manne kwa karatasi ya mawili, ukimuuliza asema sukari, ukimuuliza sukari imefanyaje, asema iliki.