Ngumi mbili za kulia zinazomfuata Lennox Lewis

Alfajiri ya Aprili 22, 2001, ndani ya ukumbi wa Carnival City huko Brakpan, mashariki mwa Johannesburg, bingwa wa dunia wa uzito wa juu alirudi nyuma hadi kwenye kamba akiwa anatabasamu. Ilikuwa raundi ya tano. Punde konde la kulia la Hasim Rahman likampata kidevuni, na Lennox Lewis akalala chali mpaka mwamuzi akamaliza kuhesabu. Pambano lilipangwa saa ile ili Wamarekani walitazame Jumamosi usiku. Kwetu Afrika Mashariki jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza.

Tangu siku hiyo, ubishi wa nani ni nani kwenye uzito wa juu ukifika kwa Lewis huwa unakwama hapo hapo. Mmoja atataja mapambano 44, ushindi 41, sare moja, vipigo viwili. Mwenzake atamjibu kwa neno moja: "Rahman." Akipewa nafasi ataongeza: "Na McCall."

Wanaomshusha tusiwapuuze, maana hoja yao si ya ushabiki tu. Muhammad Ali alipoteza mara tano, na hakuna anayemvua ukubwa kwa sababu hiyo. Lakini tazama alivyopoteza. Mwaka 1971 alisimama raundi 15 na Joe Frazier, akaangushwa raundi ya mwisho na akainuka. Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya, naye akamaliza raundi zote 12. Leon Spinks alimkuta na miaka 36, na walipofika Larry Holmes na Trevor Berbick, Ali yule tunayemjua alikuwa ameshaondoka, umebaki mwili. Joe Louis vilevile: Max Schmeling alimpiga mwaka 1936, Louis akiwa kijana wa miaka 22 ambaye hajawa bingwa, Ezzard Charles na Rocky Marciano wakampiga baada ya kustaafu na kurudi, deni la kodi likimsukuma. Vipigo vya Louis viko kwenye ncha mbili za maisha yake, kabla hajakomaa na baada ya kuchakaa. Katikati pako safi.

Vya Lewis viko katikati kabisa. Mara zote mbili alikuwa bingwa, mkanda kiunoni, mwenye nguvu, na aliyempiga hakuwa Frazier wala Holmes. Oliver McCall alijulikana zaidi kama mtu aliyekuwa akifanya mazoezi ulingoni na Mike Tyson. Rahman alikuwa ameshazimwa na David Tua na Oleg Maskaev, na wacheza kamari walimpa nafasi ya moja kwa ishirini. Kila mmoja alihitaji konde moja la kulia. Ndiyo maana wapo wanaosema Lewis alikuwa na kila kitu isipokuwa kidevu, yaani uwezo wa kustahimili konde, na bingwa wa uzito wa juu asiye na kidevu ni nyumba nzuri isiyo na msingi.

Mimi nadhani kosa la hesabu hii ni kuvifunga vipigo viwili kamba moja. Havifanani.

Cha kwanza kilikuja Septemba 24, 1994, Wembley, London, sekunde ya 31 ya raundi ya pili. Lewis alirusha mkono wake wa kulia, wa McCall ukawahi. Akaanguka, akasimama kabla ya kuhesabiwa kumi, miguu ikiwa haijamrudia vizuri, na mwamuzi akamaliza mchezo. Watu wa kona yake walilalamika kwamba amewahishwa, na mpaka leo wako wanaolalamika. Mimi sioni haja. Jambo lenye uzito zaidi lilikuwa kwenye kona ya mpinzani. Kocha wa McCall siku ile alikuwa Emanuel Steward wa Detroit, mtu aliyekuwa ameuona udhaifu wa Lewis na kuupangia jibu: ukiona anakusanya mkono wa kulia, wako utangulie. Lewis angeweza kumchukia. Akamwajiri.

Kuanzia hapo ndipo tunapoanza kumwona yule Lewis tunayembishania. Kabla ya Wembley alikuwa mtu mrefu anayesubiri kumaliza kila kitu kwa kulia. Chini ya Steward mkono wa kushoto ukawa ndio unaoongoza, umbali ukawa silaha, na subira ikamwingia. Evander Holyfield alikutana na Lewis huyo mara mbili mwaka 1999. Pambano la kwanza, Madison Square Garden, majaji walitoa sare ambayo karibu kila aliyetazama aliicheka. La pili, Novemba, mikanda yote mitatu mikubwa ikahamia kwa Lewis. Siamini angefika pale bila kuanguka Wembley. Kipigo hicho naweza kukiita ada ya shule, na ukiniambia kimemshusha nitakubishia mpaka usiku.

Lakini mashabiki wake nao wasituuzie mbuzi kwenye gunia. Wanapenda kusema alilipa madeni yote mawili, na kwamba kila aliyepanda naye ulingoni kwenye ngumi za kulipwa hatimaye alimshinda. Kwenye karatasi ni kweli. Ila nenda kayatazame marudiano na McCall, Februari 1997, Las Vegas. Raundi ya nne McCall akaacha kupigana. Akawa anazunguka ulingo mikono ikining'inia, machozi yakimtoka. Alikuwa mtu aliyekuwa akipambana na dawa za kulevya, na bila shaka kupandishwa ulingoni usiku ule lilikuwa kosa la watu wazima wengi waliotaka hela. Raundi ya tano mwamuzi Mills Lane akasimamisha. Lewis hana hatia, lakini huwezi kudai umemlipa kisasi mtu aliyekuwa analia mbele yako. Pale deni lilifutwa tu. Hakuna aliyelilipa.

Rahman ni habari nyingine, na hapo ndipo pande zote mbili zina haki kwa wakati mmoja.

Angalia Brakpan ilivyoandaliwa. Ni sehemu iliyo juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,600, hewa nyepesi, pumzi inakata mapema. Rahman alitangulia wiki kadhaa kuuzoesha mwili. Lewis alichelewa, kwa sababu alikuwa Las Vegas akiigiza kipande kidogo kwenye filamu ya Hollywood, na alipopima uzito alikuta karibu kilo 115, nyingi kuliko alivyowahi kupimwa katika pambano lolote kabla ya hapo. Kufikia raundi ya nne alikuwa anahema kwa mdomo. Wanaomtetea hukusanya mambo haya kama utetezi. Kwa macho yangu ni hati ya mashtaka. Hakuna lililomwangukia kutoka mbinguni, kila moja alilichagua. Na ile ngumi ya kulia ilikuwa binamu wa ile ya Wembley, ina maana somo alilofundishwa mwaka 1994 alikuwa amelisahau.

Halafu akafanya kitu ambacho wengi walioanguka hawakuwahi kukifanya. Rahman aliposaini na promota Don King na kutaka kupigana na mtu mwingine kwanza, Lewis alikwenda mahakamani New York kudai marudiano yaliyokuwa ndani ya mkataba, akashinda. Mwezi Agosti wawili hao wakashikana na kugaragazana sakafuni katika studio ya televisheni, aibu kwa watu wazima, ingawa nakiri niliifurahia. Novemba 17, 2001, Las Vegas, akaja amepungua na amejaa hasira. Raundi ya nne kushoto, kisha kulia, na Rahman akawa chini bila mjadala. Linganisha na Tyson: alipigwa na Buster Douglas Tokyo mwaka 1990, na marudiano hayakutokea kamwe, kwa hiyo Tokyo imebaki wazi kama kidonda. Louis alikifunga chake mwaka 1938 kwa kummaliza Schmeling kabla raundi ya kwanza haijaisha. Lewis wa Novemba ile anastahili kukaa benchi moja na Louis huyo.

Kinachonikera zaidi ni ibada ya sifuri. Tangu Floyd Mayweather afikishe 50 bila kupoteza, vijana wanasoma safu ya vipigo kabla ya kuuliza mtu alipigana na nani. Sisi Watanzania tuliuonyesha ugonjwa huo kwa Hassan Mwakinyo. Mwaka 2018 alimmaliza Sam Eggington huko Birmingham tukambeba juujuu. Mwaka 2022 akashindwa na Liam Smith huko Liverpool, na waliombeba ndio waliokuwa wa kwanza kumcheka. Anayeabudu sifuri ajibu kuhusu Riddick Bowe. Bowe aliondoka na kipigo kimoja tu, cha Holyfield, na hicho alikilipa. Kwa hesabu yuko juu ya Lewis. Lakini Lewis alimsimamisha raundi ya pili kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na Bowe alipokuwa bingwa, alipotakiwa kupigana naye, aliutupa mkanda wa WBC, mmoja wa mikanda ya ubingwa wa dunia, kwenye pipa la taka London mwezi Desemba 1992. Rekodi yake imenona kwa sababu kuna mtu mmoja hakupanda naye ulingoni.

Limebaki pambano la mwisho, na hili wapenzi wa Lewis hulipita haraka. Baada ya kummaliza Tyson huko Memphis mwaka 2002, alikaa mwaka mzima. Juni 2003, Los Angeles, mpinzani aliyepangwa akaumia, na Vitali Klitschko akachukua nafasi kwa taarifa ya siku chache. Lewis, miaka 37, akapanda akiwa mzito kuliko hata siku ile ya Brakpan. Raundi ya pili alitikiswa vibaya. Baada ya raundi sita majaji wote watatu walikuwa na pointi 58 kwa 56, Klitschko akiongoza, kisha daktari akautazama ule mpasuko juu ya jicho la Klitschko na kukataa aendelee. Lewis akashinda. Marudiano hakutoa, Februari 2004 akastaafu.

Kuondoka mapema kulimwokoa na yaliyompata Ali kwa Holmes, na simlaumu. Namweka kati ya watano bora wa uzito wa juu, nyuma ya Ali na Louis. Ukiniuliza mbona si juu zaidi ya hapo, sitakutajia Wembley wala hata ile ngumi ya Rahman. Nitakutajia kile kitabasamu kwenye kamba, na kwamba miaka miwili baadaye, Los Angeles, kilo zilikuwa zimerudi.