Ng'ombe Wasio na Masikio

Nyumba yangu ya Kadutu iko kwenye mteremko. Aliyeijenga alichimba mlima apate kiwanja, akauacha ukuta wa nyuma umeegemea udongo kama mlevi aliyeegemea mti. Mwezi wa tisa, mvua zikirudi kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, ukuta huo huanza kulia, na hunyamaza mwezi wa sita.

Mama watoto aliniambia mapema. Mimi nikanunua rangi ya mafuta, nikaupaka mara mbili. Hazikupita wiki tatu, rangi ikavimba kama mandazi. Ukibonyeza, maji yanatoka. Basi nikasukuma kabati kubwa la nguo mpaka likaubana ukuta, aibu ikapotea machoni. Ikabaki harufu tu, ile ya gunia la viazi lililosahaulika.

Nyuma ya kabati hilo, ndani ya katoni ya viatu, nikaficha mahari ya mdogo wangu. Dola 1,500, noti 15 za mia mia. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo mimi ndiye yaya, yaani kaka mkubwa, na mimi ndiye benki. Mahali nilipachagua kwa akili sana: hakuna mwizi atakayelisogeza kabati lile peke yake. Wezi wote niliowawaza walikuwa na miguu miwili.

Na huku kwetu dola ina masharti yake. Faranga inaweza kuchakaa mpaka ikafanana na kitambaa cha kufutia meza, tunaipokea. Lakini noti ya dola mia ikichanika upana wa punje ya mchele, muuza duka anaigeuza, anaitazama kwenye mwanga, anakurudishia kimya kimya kama aliyepewa panya mfu.

Siku ya mahari, mwezi wa kwanza, tulifika kwa wakwe na suti zetu na kreti za bia. Kwetu Washi, kabila letu la huku Bukavu, mahari ni ng'ombe, hata pale ambapo hakuna hata kwato moja. Tulipatana watano, na wote walikuwa ndani ya bahasha. Msemaji wetu akatamka kwa sauti nzito: "Ng'ombe wamefika, wako mlangoni." Makofi. Bahasha ikalazwa katika kikapu chenye kitambaa cheupe, ikapelekwa kwa muzee wa upande wa pili, mtu wa miwani minene ambaye tangu tuingie hakuwa ameonyesha jino.

Akafungua. Kabla noti haijatoka, kalitoka kadudu. Kembamba, ka rangi ya fedha, mkiani kana nyuzi tatu. Kakateleza juu ya kitambaa kama sambaza, tule tusamaki twa ziwani, majini, kakaingia katika mkono wa koti la muzee.

Muzee akajikuna kiwiko. Akachukua noti ya kwanza, akaielekeza dirishani. Mwanga ukapenya kwenye kona. Ya pili ilikuwa imetafunwa ukingoni, vidogo vidogo, kama mkate ulioliwa na mtoto anayeota meno. Ya tatu ilikuwa imeshikana na bahasha, ikabidi aibandue kwa ukucha. Akazitenga mafungu mawili, bila haraka, wazima huku na wagonjwa huku. Wagonjwa wakafika tisa.

"Bakwe zetu," akasema, "ng'ombe tumewaona. Lakini watatu hawana masikio."

Watu walicheka mpaka bibi mmoja akaomba maji. Mdogo wangu hakucheka. "Yaya," akaninong'oneza, "uliziweka wapi?" Muzee akapokea wawili, akanirudishia watatu "wakatibiwe", ndoa ikaruhusiwa na deni likabaki shingoni mwangu mimi. Nikawapeleka wagonjwa kwa wabadilisha pesa. Wa kwanza hakuzigusa. Wa pili alitaka kunipa sitini kwa kila mia, tena kwa uso wa mtu anayenihurumia.

Nyumbani tukalivuta kabati. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu, katoni imelainika kama bugali, mende wanatutazama kama sisi ndio wageni. Mama watoto akaokota bahasha nyingine, akaikung'uta, tududu twa fedha tukatawanyika. "Ona," akasema, "fedha inakula fedha."

Nikapuliza dawa. Wakafa waliojitokeza, na wiki hiyohiyo wenzao wakaja kuchukua nafasi. Nikaingiza mbabula, lile jiko la makala, yaani makaa, nikafunga mlango na dirisha ili ukuta ukauke upesi. Kilichotaka kukauka ni mimi: makala ndani ya chumba kilichofungwa yanaua bila moshi wala harufu ya kukuonya. Mama watoto alinivuta nje kwa kola, akaniuliza kama mahari nataka kuilipa kwa pesa za matanga.

Fundi mwashi, jirani yetu, ndiye aliyeniambia ukweli, baada ya kumaliza kucheka. "Mende wako hakuja kula, amekuja kunywa." Mende mdogo wa jikoni, akasema, bila chakula anaweza kufika mwezi, lakini bila maji wiki mbili ni nyingi kwake. Na kale ka fedha kanapenda hewa yenye maji, gundi, karatasi na pamba. Noti ya dola yenyewe ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Kumbe nilikuwa nimekapangia kadudu meza.

Tukachimba mfereji nyuma ya nyumba, tukaondoa udongo uliolala ukutani, tukakwangua ile rangi ya mafuta. Kabati sasa liko umbali wa kiganja kutoka ukutani. Dirisha hufunguliwa kila asubuhi isiyo na mvua, nguo mbichi hazianikwi tena chumbani, na katoni zote zilienda jikoni kuwashia moto.

Mwezi wa saba muzee akaja kuchukua ng'ombe wake. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya kabati, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale kama daktari.

"Umekauka," akasema. "Na hao watatu wamelala wapi?"

Mama watoto akaleta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko. Muzee akatoa noti tisa mpya, akazinusa moja moja, kisha akavua koti, akalikung'uta vizuri mlangoni, ndipo akaketi.