Mafuta Hayaongezeki kwa Siku Saba

Juzi tulimzika mzee mmoja wa mtaa wetu hapa Langoni, Lamu. Tuliporudi kutoka makaburini watu wakakaa barazani, na kabla kahawa haijazunguka sababu ya kifo ilikuwa imeshatajwa: samli. Mzee alipenda vinono, mshipa wa moyo ukaziba, basi. Kijana mmoja aliyesomea uuguzi akajaribu kueleza kwamba donge la damu lililoziba mshipa huenda lilisaidiwa na chembe nyeupe za damu. Wakubwa wakamkatiza kwa upole. "Mwanangu, hizo ni askari wa mwili. Askari hamuui mwenye nyumba."

Nilinyamaza siku ile kwa kuwa palikuwa msibani. Lakini kijana alikuwa na hoja, na ushahidi wake ulikuwa umelala katika jambo ambalo kila mtu barazani alilijua: marehemu alikuwa na homa ya mafua kwa siku tano kabla kifua hakijambana.

Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ambayo sijaacha kuifikiria. Walichukua visa 364 vya watu waliolazwa kwa mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kipimo cha maabara kuthibitisha kwamba wana virusi vya mafua. Katika siku 7 za mwanzo baada ya kipimo walilazwa 20. Katika wiki nyingine zote wastani ulikuwa 3.3 kwa wiki. Hatari iliruka mara sita. Na kila mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe, kwa hiyo huwezi kusema huyu alivuta sigara na yule hakuvuta, huyu alikula samli na yule mchicha. Ni mtu yuleyule, mishipa ileile, mafuta yaleyale. Utando wa mafuta kwenye mshipa hujengeka kwa miaka, hauwezi kunenepa mara sita kwa juma moja. Kilichobadilika ndani ya siku hizo saba ni damu yenyewe na askari waliomo ndani yake.

Najua 20 ni idadi ndogo. Najua pia homa huupeleka moyo mbio, hukausha maji mwilini na kupunguza hewa safi inayoufikia moyo, na hayo peke yake yanaweza kumwangusha mtu ambaye mishipa yake imekwisha kuwa myembamba. Sehemu ya ongezeko lile huenda ni hayo. Lakini tunajua pia chembe nyeupe hufanya nini zikichokozwa, na hapo ndipo wavuvi wa Lamu wangeelewa haraka kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2004 wanasayansi wa Berlin walionyesha kwamba neutrofili, chembe nyeupe zilizo nyingi kuliko nyingine zote katika damu ya mtu mzima, zina silaha ya mwisho: hupasuka na kutupa nje nyuzi za DNA yao wenyewe, zikawa wavu wa kunasia vijidudu. Ndivyo walivyouita, wavu. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba wavu huo hunasa pia chembe sahani, zile zinazoshikana kuziba jeraha, na chembe nyekundu, na damu huanza kuganda juu yake. Mvuvi anayetega jarife kwa ajili ya papa huvuta kasa pia, na wavu uliokatika ukaachwa baharini huendelea kunasa chochote kipitacho. Madonge yaliyotolewa kwenye mishipa ya moyo ya wagonjwa yamekutwa na nyavu hizi ndani yake.

Kwa sisi wa visiwani hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa wa huku hupanda boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Garsen na Malindi, kabla hajafika Mombasa. Tegemeo kubwa la aliye mbali na wataalamu wa kuzibua mshipa kwa waya ni dawa ya kuyeyusha donge, na dawa hiyo hukata nyuzi za faibrini, yaani protini inayolishikilia donge. DNA haiikati. Watafiti wa Vienna walipoongeza kimeng'enya cha kukata DNA juu ya madonge ya wagonjwa, madonge yaliyeyuka vizuri zaidi. Ilikuwa maabara tu, na bado haijawa tiba.

Wazee wa baraza nao wana haki yao. Mwaka 1994 dawa ya kushusha kolesteroli ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika wagonjwa 4,444 wa moyo. Asprini, ambayo hulenga chembe sahani, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika utafiti mkubwa wa mwaka 1988. Upande wa chembe nyeupe hauna ushindi wa namna hiyo. Kolikisini, dawa ya zamani ya jongo inayotuliza chembe hizo, ilileta nafuu mwaka 2019, lakini mwaka 2024, katika wagonjwa zaidi ya 7,000, haikuonyesha faida. Dawa nyingine, kanakinumabu, inayozima ishara moja ya kuwachochea askari hao, mwaka 2017 ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15 bila kugusa kolesteroli hata kidogo. Hilo peke yake linatosha kuniambia kwamba askari hawa si watazamaji. Lakini waliotumia dawa ile walikufa zaidi kwa maambukizi, na jumla ya vifo haikushuka. Katika pwani yenye malaria na nimonia, siwezi kumshauri mtu avunje jeshi lake. Zaidi ya hayo, chembe hizohizo ndizo husafisha nyama ya moyo iliyokufa ili kovu lipate kushika.

Kwa hiyo mimi nasimama na yule kijana, ila si mpaka kwenye kuwaua askari. Njia iliyo karibu ni kuwazuia wasichokozwe. Mwaka 2021 wagonjwa 2,571, wengi wao wakiwa wametoka tu kupata mshtuko wa moyo, waligawanywa: wengine wakapewa chanjo ya mafua, wengine chanjo isiyo na dawa. Kwa mwaka mmoja, vifo na mishtuko mipya ilipungua kwa zaidi ya robo kwa waliochanjwa.

Ami yangu amewahi kupata mshtuko wa moyo. Bado anameza asprini na dawa yake ya kolesteroli kila usiku, na samli amepunguza. Nimemwomba achanjwe kabla kusi halijaanza kuvuma, na kwamba akishikwa na homa ya mafua kisha kifua kikamjia kizito, tuite boti usiku uleule.