Pampu Haikukimbia Popote

Kabla hamjaisikiliza ile sauti ya dereva inayozunguka kwenye magrupu, ati nilivuruga sherehe ya pampu mpya ya kisima kijijini kisha nikalia, nisikilizeni na mimi. Kwanza, sikulia. Lile lilikuwa vumbi. Pili, kazi yangu mimi ni umeme wa jua. Ukalimani nilitwishwa asubuhi ileile, mkalimani mwenyewe alipoamka sauti imekauka. "Wewe si unasomaga vile vitabu vya mashine?" Basi, nikakabidhiwa kipaza sauti.

Mgeni wetu alikuwa injinia wa pampu kutoka Uingereza, mzee mpole, ila ana neno analolipenda kuliko chai: "run". Kwa wasiojua, lile si neno, ni ukoo mzima. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamelikuta na maana 645, tena likiwa kitenzi tu. Kukimbia ni moja kati ya hizo, na siku ile mzee wa watu hakuihitaji hata kidogo.

Mwanzoni niliweza, msinicheke. Alipokataza pampu isi-"run" kavu, nikatafsiri: "Msiiwashe kisima kikiishiwa maji. Maji hayohayo ndiyo yanayopoza mota na kulainisha beringi. Ikizunguka kavu inaungua." Akasema waya ume-"run" kutoka kwenye paneli hadi chini kisimani. Nikasema umepitishwa, umefungwa kwenye bomba sehemu kwa sehemu, na pampu imeshikiliwa kwa kamba yake, kwa hiyo ole wake atakayeivuta kwa waya (hapo niliongeza na ukali wangu, maana nimeshaona waya umechomoka na pampu imebaki huko shimoni). Dizeli ime-"run out": imekwisha. Kamati ita-"run" mradi: itauendesha. Rangi ya bango ime-"run" kwa mvua ya jana: imechuja. Mtoto wa mstari wa mbele, pua ina-"run": mama, mfute kamasi. Nilikuwa natiririka tu, jamani, na watu wanatikisa vichwa.

Nyie mnaoanza kuwacheka Waingereza, mwelezeni kwanza mgeni kwa nini tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga mswaki na hakuna aliyeumia.

Nilipoanza kuyumba ni pale alipotaka kujua kama mwenyekiti ata-"stand" tena mwakani. Mmarekani hapo angesema "run", Mwingereza mgombea wake husimama, sisi tunagombea. Mimi nikamwambia mwenyekiti asimame. Akasimama. Akapigiwa makofi. Akakaa. Mzee akaridhika kwamba amejibiwa.

Sasa mnaokijua kile kijiji mnakumbuka habari ya pampu ya zamani, ile ya dizeli. Msiokijua: iliondoka usiku na haijarudi hadi leo. Lishikeni hilo.

Injinia akaenda kwenye kibanda cha swichi. Mimi nimebaki mbele ya watu, kipaza sauti mkono wa kulia, soda mkono wa kushoto. Akapandisha swichi. Kimya. Pampu ya kisimani, kwa uliyesimama juu, huisikii ikiwaka. Lazima maji yapande bomba lote kwanza, na kinachotangulia kutoka ni hewa. Shingo zimenyooka. Bomba likakohoa. Likatulia. Watu wakanitazama mimi, kana kwamba nimelikataza. Likakohoa tena, safari hii kwa ndani kabisa.

Hapo mzee akachomoka kibandani mbio, kofia imedondoka, mikono iko juu, anapiga kelele: "It's running! It's running!"

Jamani, nihukumuni kwa haki. Macho yanaona mtu mzima anakimbia. Masikio yanasikia "running". Soda imenipalia. Nikakivuta kipaza sauti mdomoni, sauti yote niliyojaliwa na Mungu:

"Inakimbia! Pampu inakimbia!"

Kimya tena. Babu mmoja mstari wa mbele akaniuliza, taratibu kabisa: "Inakimbilia wapi, mwanangu?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikanyoosha mkono kule kibandani.

Nyuma ya kibanda ndiko inakopita barabara. Na kwenye barabara, dakika hiyohiyo, si kabla, si baada, anapita bodaboda na mzigo mkubwa wa duara umefunikwa turubai.

Vijana waliinuka wote kwa mpigo. Viti vya plastiki vikabaki vinabiringika. Yule wa boda akageuka, akaona kijiji kizima kinamjia na fimbo, akafanya ambacho hata wewe ungefanya: akaongeza mafuta. Mnaelewa hapo amejithibitishia wizi. Nami bado nimeshika kipaza sauti, nasema "ngoja... ngojeni... inafanya kazi, inafanya kazi," na mama mmoja ananijibu, "Tumeona inavyofanya kazi!"

Lilikuwa sufuria la pilau. Pilau letu, la sherehe. Nusu lilimwagika, boda akafidiwa, mzee akaelezwa akacheka mpaka akakaa chini, maji yakatoka mengi na safi na hakuna aliyeyatazama.

Katibu wa kikao, kwa mwandiko mzuri, kaandika kwenye muhtasari: "Saa tano na dakika kumi pampu ilikimbia. Ilitafutwa. Ilikutwa kisimani." Nikaletewa nisaini kama mkalimani, nikasaini.