Baa Hufunguliwa Saa Kumi na Moja Jioni. Kanisa Je?

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile ambayo Wakenya wengi bado huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliweka saa za baa: siku za kazi mlango ufunguliwe saa kumi na moja jioni, ufungwe saa tano usiku. Nia ilikuwa watu wafanye kazi mchana. Lakini kwa mtu wa kijijini anayepambana kuacha pombe, sheria hiyo ilitaja pia saa yake ya hatari. Saa kumi na moja ndipo kibarua anatoka shambani na ujira wake mfukoni. Wenzake wanapita njia ileile. Nyumbani hakuna anayemngoja kwa furaha, maana kwa miaka amekuwa akirudi na fujo. Na kanisa ambalo Jumapili lilimwombea mpaka akabubujikwa na machozi lina kufuli mlangoni tangu ibada ilipokwisha.

Mimi ni Mkristo, nimekulia kwenye vilima vya Murang'a, na naamini kwamba Mungu huwatoa watu katika ulevi. Nimewaona. Ndiyo maana inaniuma kuona tukiwapokea kwa shangwe Jumapili na kuwaachia baa jioni tano zinazofuata.

Historia yetu na pombe ya sumu inajulikana. Novemba 2000 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mei 2014 vifo vikaja Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza viongozi wa eneo la Kati wasafishe maeneo yao, na mapipa yakamwagwa barabarani mbele ya kamera. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, na mwezi uliofuata Kithure Kindiki, Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, akatangaza masharti mapya ya leseni na viwanda. Kila mara makanisa nayo huamka. Mahubiri huwa makali Jumapili mbili tatu, hufanyika kesha, hufanyika mkutano wa injili wa siku nne wenye hema na vipaza sauti, na mwishoni hutangazwa idadi ya waliookoka. Sina ugomvi na mikutano hiyo. Wapo walioiweka chupa chini usiku huo na hawajaiinua tena mpaka leo. Ninachouliza ni nani anayewahesabu baada ya miezi mitatu.

Kabla ya miezi mitatu kuna siku nne za kwanza, na hapa naomba wachungaji na wazee wa kanisa wanisikilize kwa makini. Mtu aliyekunywa chang'aa au vile vileo vikali vya chupa ndogo kila siku kwa miaka, mwili wake umeshazoea kufanya kazi na pombe ndani. Akikata ghafla, mikono huanza kutetemeka baada ya saa chache. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanasikia sauti, jasho linawatoka, moyo unakwenda mbio. Hali hiyo isipotibiwa huua.

Sasa mfikirie mtu huyo ameokoka Jumapili. Jumanne usiku anapiga kelele kwamba nyoka wanapanda kitandani. Majirani wanakusanyika, mmoja anasema pepo amekataa kutoka, na wanamwekea mikono mpaka alfajiri. Watu hao wanampenda, sina shaka. Lakini anachohitaji usiku huo ni kituo cha afya: dawa ya kutuliza kwa kipimo cha daktari, vitamini B1, maji, na mtu wa kumwangalia. Mwombeeni ndani ya gari, mwombeeni barabara nzima, lakini gari liondoke. Kila kanisa la kijijini linalowaita walevi watubu lingepaswa kujua, kabla ya kuwaita, ni hospitali gani ya karibu inayoweza kumpokea mtu wa namna hiyo, na nani ana gari litakalomfikisha huko usiku wa manane.

Jambo jingine la dawa nilitaje upesi. Vipo vidonge vinavyomfanya mtu ataabike vibaya akinywa pombe, na wapo wanaoshauri mke avisage kwenye chai ya mumewe bila yeye kujua. Akina mama, msifanye hivyo, hata kama ushauri umetoka kwa mtu mnayesali naye. Dawa hiyo hutolewa na daktari kwa mtu aliyekubali mwenyewe. Akinywa pombe bila kujua ameipewa, anaweza kufa mikononi mwenu.

Siku nne zikipita, hospitali imemaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Kituo cha kurekebisha tabia, kwa familia inayoweza kulipa makumi ya maelfu ya shilingi kila mwezi, kitamkalisha miezi mitatu. Kisha atarudi kijijini kulekule, kwenye njia ileile, saa kumi na moja jioni. Katika Mathayo 12 Bwana Yesu anazungumza juu ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akarudi, akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwaleta wengine saba walio waovu kuliko yeye. Mara nyingi tunausoma mstari huo kama onyo kwa aliyeokoka. Mimi nausoma kama onyo kwetu tuliomfagilia nyumba kisha tukaenda zetu.

Serikali ya kaunti ya Kiambu iligusa ukweli huu mwaka 2018 kwa mpango wa Kaa Sober, ambapo walevi walilipwa shilingi 400 kwa siku kusafisha mitaro na barabara. Uliwapa shughuli ya mchana, na heshima kidogo ya kushika jembe. Lakini jioni ilibaki vilevile, tena sasa na shilingi 400. Mpango haukudumu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kanisa la Afrika Mashariki liliwahi kuijua dawa ya jioni. Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kenya mwaka 1937, haukuenea kwa mikutano mikubwa peke yake. Ulikaa katika ushirika wa ndugu na dada waliokutana siku za kazi, nyumbani kwa mtu au chini ya mti, bila kumngoja kasisi. Walikuwa na neno lao, kutembea nuruni: ukianguka jana, unasema leo, mbele ya watu watakaokuombea na kukutembelea kesho. Mzee mmoja wa ushirika huo, jirani yetu nilipokuwa mdogo, alikuwa na desturi ya kupita kwa mtu aliyeacha pombe na kumwomba amsindikize hadi nyumbani, kana kwamba yeye mzee ndiye aliyehitaji msaada. Walipofika kwake palikuwa na chai, na baa ilikuwa imeshapitwa.

Miaka ileile, mwaka 1935, huko Akron, Ohio, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith walianza kukutana, na kutoka kwao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Nao walikuwa wamepitia kundi la Kikristo lililofundisha kuungama na kusaidiana. Watu wasiojuana, bara mbili, waligundua jambo moja: mlevi husaidiwa na mtu anayemwona kila mara na anayejua lini ameanguka.

Wakatoliki wanamfahamu Matt Talbot, kibarua wa Dublin aliyekata kauli mwaka 1884 akiwa na miaka 28. Aliahidi kwanza miezi mitatu tu. Akaongeza, mwishowe akaahidi maisha yake yote, na alikaa bila pombe miaka 40 hadi alipofariki mwaka 1925. Mwanzoni, kazi ilipokwisha, hakuweza kubaki na wenzake, hivyo alitembea mitaani, na akichoka aliingia kanisani kupumzika. Kanisa lilikuwa wazi. Kama angekuta kufuli, sijui angekwenda wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa makanisa ya vijijini ni hili: fungueni jengo au ukumbi kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Kuwe na chai, viazi vitamu, redio, mchezo wa drafti, neno fupi kwa anayelitaka. Asilazimishwe mtu kutoa ushuhuda. Na tafadhali, aliyeacha wiki iliyopita asipandishwe madhabahuni kama nyara. Akianguka baada ya hapo, aibu itamzuia kurudi, naye alikuwa na haja ya kurudi kuliko wote waliompigia makofi.

Kuanguka kutakuwepo. Katika makanisa mengi aliyerudia pombe hutengwa na Meza ya Bwana, naelewa sababu yake, lakini asitengwe na chai ya Jumanne. Paulo aliwaandikia Wagalatia, "Mchukuliane mizigo," na mzigo huchukuliwa ukiwa mzito.

Nani ataifanya kazi hii? Kasisi mwenye vigango saba hawezi. Lakini Wakatoliki wanazo jumuiya ndogo ndogo tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozifanya kipaumbele miaka ya 1970, Waanglikana na Wapresbiteri wana vyama vya akina mama na vya wanaume, na kila kanisa lina walioacha pombe zamani ambao hawajawahi kuulizwa walifanyaje. Hao ndio wataalamu tulio nao. Wanajua, kwa mfano, kwamba Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia, ndio mwezi wa kulala macho wazi. Wanajua kumshauri mtu ujira wake utumwe kwa simu ya mkewe kwa muda, kwa hiari yake. Wanajua pia kwamba katika vijiji vyetu wapo wanawake wanywao kwa siri, ambao hawatakanyaga ukumbi uliojaa wanaume na watahitaji nyumba ya mama mmoja mwenye kufunga mdomo.

Na wanamjua mpishi wa chang'aa. Mara nyingi ni mjane mwenye watoto shuleni, pengine anaimba kwaya. Tukimtaja tu mimbarani atahamishia mtungi kando ya mto. Kikundi cha akina mama kinachokopeshana kila mwezi kingeweza kumpa mkopo wa kuku au duka la mboga kabla ya mahubiri kumfikia.

Najua litakalosemwa kwenye baraza la wazee: hakuna pesa. Tuhesabu basi. Tokeni za stima za muda wa saa nne kila jioni, sukari, majani ya chai, maziwa ambayo wakulima wa kanisa wenyewe wanakamua, viazi vya msimu, na posho ya mlinzi mwenye funguo. Tuweke hesabu hiyo kando ya gharama ya hema, jenereta na vipaza sauti vya mkutano wetu uliopita, kisha wazee waamue mwakani fedha hizo ziende wapi.