Kura za vijana 2027: hamasa tele, nauli hakuna

Wakenya watarudi debeni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, na tangu usajili endelevu wa wapigakura urejee Septemba 2025 kila mwenye kipaza sauti ana neno moja kwa kijana: jisajili. Maaskofu wanasema, wasanii wanasema, wabunge wanasema, hata wale ambao kijana angefurahi kuwang'oa. Tume ya uchaguzi, IEBC, imejiwekea lengo la wapigakura wapya milioni 6.3. Ni tume iyo hiyo iliyokaa zaidi ya miaka miwili bila mwenyekiti wala makamishna, tangu muhula wa Wafula Chebukati uishe Januari 2023 hadi Erastus Ethekon alipoapishwa Julai 2025. Kwa hiyo lawama za uvivu zigawanywe kwa haki.

Wanaohamasisha wana hesabu nzuri mkononi. Mwishoni mwa 2021 IEBC ilitaka kusajili watu milioni sita kwa mwezi mmoja. Ikapata takriban milioni moja na nusu. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipofika, walio chini ya miaka 36 walikuwa karibu asilimia 40 tu ya sajili ya watu milioni 22.1, wakiwa wamepungua ikilinganishwa na 2017, katika nchi ambayo ukiingia matatu yoyote utaona wao ndio wengi. Kisha William Ruto akamshinda Raila Odinga katika urais kwa kura 233,000 hivi. Ukizilinganisha takwimu hizo, unaelewa kwa nini mtu anapiga kelele.

Ila kijana anayesema "sipigi" naye ana hoja, na wanaomhubiria hawaisikilizi. Yeye alikuwa barabarani Juni 2024. Tarehe 25 wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, uliokuwa unaongeza kodi, huku 106 wakiupinga. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Kilichoubwaga ni maandamano, na bei yake ilikuwa watu wasiopungua 60 waliouawa kwa hesabu ya tume ya taifa ya haki za binadamu, KNCHR. Wale 195 karibu wote waliingia bungeni kwa kura. Sasa ukimwambia kijana huyu kwamba kura ndiyo silaha yake, atakuuliza mbona hiyo silaha ilimlenga yeye.

Swali hilo halijibiwi kwa tamasha la muziki uwanjani. Linajibiwa kwa kuangalia kususia kumewahi kuleta nini, na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais wa Agosti 2017, Raila alisusia marudio ya Oktoba. Waliojitokeza walishuka kutoka zaidi ya asilimia 75 hadi chini ya 40. Uhuru Kenyatta akazoa asilimia 98 ya kura na kuapishwa mwezi uliofuata, kwa sababu Katiba yetu inataka zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa na angalau robo katika zaidi ya nusu ya kaunti. Aliyebaki nyumbani hahesabiwi popote.

Msusiaji atakukumbusha kwamba Machi 2018 ilikuja handisheki, maridhiano ya Uhuru na Raila, basi kususia kulizaa kitu. Kweli, kulizaa. Lakini aliyeshikwa mkono alikuwa Raila, mtu mmoja mwenye chama, mwenye ngome na mwenye simu inayopokelewa Ikulu. Waandamanaji wa 2024 walijisifu, na kwa haki, kwamba hawana kiongozi wala kabila. Sifa hiyo iliwalinda barabarani, maana hapakuwa na wa kununuliwa. Kwenye kususia inawaumiza: deni la kura zisizopigwa atalidai nani kwa niaba yao? Hapo ndipo mimi naachana na wasusiaji, ingawa hasira yao naiona ni halali.

Tena tunazungumza kana kwamba kuna karatasi moja tu ya urais. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2025, kiti cha ubunge cha Mbeere Kaskazini kiliamuliwa kwa chini ya kura 500. Wanafunzi wanaopanga vyumba katika mtaa mmoja tu nje ya chuo kikuu wanaweza kupita idadi hiyo. Kwa kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, ndiyo kabisa.

Na hapa ndipo kampeni nyingi zinapoteleza. Chukua mwanafunzi wa Egerton, Njoro, aliyejisajili kwao Kilifi alipopata kitambulisho. Uchaguzi ukiangukia katikati ya muhula, anahitaji nauli ya zaidi ya kilomita 600 kwenda, na nyingine ya kurudi, katika wiki ambayo mabasi hupandisha bei. Akijisajili Njoro na chuo kikafungwa kupisha uchaguzi, hesabu inageuka tu: nauli ni ile ile. Tanzania walilionja hili 2010, vyuo vikuu vilipofunguliwa baada ya uchaguzi wa Oktoba 31 na wengi waliojiandikisha vyuoni wakabaki makwao bila kupiga kura. Upinzani ulilalamika kwamba ilipangwa. Iwe ilipangwa au la, tarehe ya kufungua chuo ilitosha kuwaondoa; haikuhitaji mtu kugusa sanduku.

Wenyeji wa mitaa ya vyuo nao wana lao. Juja au Maseno utasikia kwamba wanafunzi ni wapita njia: wanachagua MCA, wanahitimu, wanawaachia wenyewe balaa. Malalamiko hayo yana chembe ya ukweli, maana mgombea mjanja anaweza kuwabeba kwa basi moja na soda. Lakini mwanafunzi analipa kodi ya nyumba pale miaka minne, ananunua maji ya mtungi pale, anaporwa simu usiku kwenye njia isiyo na taa, na taa hizo ni kazi ya kaunti. Ningemshauri ajisajili anapolala miezi mingi ya mwaka, mradi ajue kalenda ya chuo chake inasemaje kuhusu Agosti 2027.

Vyama vya wanafunzi vinavyotaka kweli kusaidia vingeanza na kalenda hiyo: kuwadai wasimamizi wa vyuo watangaze mapema kama Agosti 10 itawakuta wanafunzi darasani au makwao. Aliyesajiliwa mbali anaweza kuhamisha kituo, ila lazima aende mwenyewe na kitambulisho katika ofisi ya IEBC ya eneobunge anakohamia, na dirisha hilo hufungwa kabla ya uchaguzi. Basi moja la chuo kuwapeleka wanafunzi ofisi hiyo Jumatano alasiri, wasipokuwa na vipindi, lingegharimu kidogo kuliko jukwaa na spika za tamasha moja.