Sisi ni binadamu tu: ukweli au udhuru?

Jumapili moja nikitoka ibadani mjini nilipanda daladala ya Mbagala, nikampa konda noti ya elfu tano. Gari lilikuwa limejaa, watu wanasukumana mlangoni, naye akanirudishia chenji ya elfu kumi. Niliiona. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikawa natazama nje mpaka nikashuka Mtoni. Mkononi nilikuwa na Biblia. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba konda yule alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri, na kilichopungua lazima kitoke kwenye chake. Nikajiambia maneno tunayoambiana hapa Dar es Salaam kila tukikosea: sisi ni binadamu tu.

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Kiswahili kina majina mawili ya kiumbe huyu mmoja. "Binadamu" limetoka Kiarabu, mwana wa Adamu, na mara nyingi tunalikimbilia tunapotaka kusamehewa. "Mtu" ni la Kibantu, nalo limezaa "utu", ambalo tunalitumia kudai: fulani hana utu, yule si mtu. Najua mpaka wenyewe si mkali kiasi hicho, maana tunasema pia "fanya ubinadamu, mpishe mama akae". Hata hivyo ndani ya majina hayo mawili nausikia ubishi wa zamani sana. Je, tumezaliwa tumepinda, hatunyooki mpaka tushikwe na mkono usio wetu? Au tumezaliwa na mbegu njema, iliyobaki ni kumwagilia?

Aliyeutetea upande wa kwanza kwa nguvu kuliko wote katika Kanisa la Magharibi alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Katika kitabu chake Maungamo, alichokiandika akiwa askofu, anasimulia jinsi yeye na wenzake, akiwa na miaka 16, walivyoiba mapeasi usiku. Hawakuwa na njaa. Kwao alikuwa na mapeasi mazuri kuliko yale, na mengi ya waliyoiba waliwatupia nguruwe. Mwizi wa mkate unaweza kumwelewa, lakini huyu alikipenda kile kitendo cha kuiba chenyewe, na ndiyo maana kisa kidogo hivyo kinamtisha askofu mtu mzima. Nami sikuwa na shida na ile elfu tano ya konda. Kwa hiyo Augustino akisema kwamba nia yenyewe inaumwa, na mgonjwa hawezi kujitibu kwa ile nia iliyougua, sina la kumbishia. Paulo alikwisha kuliweka wazi kwa Warumi: "lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo."

Pelagius alimbishia. Huyu alikuwa mtu wa kutoka Uingereza ya kale aliyefundisha Roma, na alichukizwa na Wakristo wa mjini walioishi ovyo huku wakijitetea kwa udhaifu wa mwili. Aliposikia sala ya Augustino, "Toa unachoamuru, kisha uamuru utakalo", hakuivumilia. Kama Mungu ndiye anayetoa hata utii wenyewe, mvivu atalaumiwa kwa lipi? Mungu mwenye haki, alisema, haamuru lisilowezekana. Mwaka 418 mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, uliyakataa mafundisho yake, na nadhani ulikata shauri sawasawa. Ila hofu yake haikuzikwa pale. Nimekaa katika vikao vya kusuluhisha ndoa ambapo mume ampigaye mkewe miaka kumi anaambiwa, "Omba Mungu akubadilishe," na mke anaambiwa, "Mvumilie, mama, ni binadamu." Siku kama hizo natamani Pelagius angekuwepo pale apige meza.

Wanafalsafa wa Kiyunani walilishika jambo hili kwa mkono mwingine. Aristotle anasema wema ni kama ufundi: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Nenda Kariakoo umtazame kijana anayejifunza cherehani. Miezi ya mwanzo anashona vitambaa chakavu tu, mshono unakwenda kombo, anafumua, anarudia. Hakuna mtu anayemwekea mikono kichwani ili kesho akate suti. Hili naliona ni kweli tupu, na naona ajabu jinsi tunavyolisahau tukiingia kanisani, kana kwamba uvumilivu au ukweli wa ulimi ni vitu vya kupokea kwa siku moja.

Aristotle huyohuyo anaonya kwamba kwa kujenga vibaya mtu huwa mjenzi mbaya. Mazoea hayachagui. Aliyezoea kunyamaza chenji ikizidi atakuwa hodari wa kunyamaza. Na kwa aliyekwisha kuharibika, faraja ya Aristotle ni ndogo: anamfananisha na aliyetupa jiwe, lilikuwa mkononi mwake mwanzoni, sasa limekwenda. Ndiyo sababu anasisitiza sana malezi ya utotoni, kama wazee wetu wasemavyo, samaki mkunje angali mbichi. Vizuri. Na samaki aliyekauka je? Yule wa miaka hamsini, aliyelelewa na mtaa, aliyejifunza kuiba kabla ya kusoma?

Hapo Injili ina Zakayo. Mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, jiwe lililokwisha kutupwa, anashuka mtini na siku hiyohiyo anaahidi nusu ya mali kwa maskini na kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu. Aristotle hana mahali pa kumweka Zakayo. Ila tutazame vizuri: badiliko lake lilikuja na hesabu. Mara nne ni kazi ya kumtafuta mtu mmoja mmoja, kufungua daftari, kugonga milango ya wanaokuchukia.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha kwa Aristotle. Katika kitabu chake Siasa anasema wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile. Mtu wa pwani hii, aliyeko mwendo mfupi tu kutoka Bagamoyo ambako misafara ya watumwa ilifikia bahari, hawezi kuipita sentensi hiyo harakaharaka. Kama utu ni matunda ya mafunzo, aliyenyimwa mafunzo ataonekana amepungukiwa utu. Augustino, kwa ukali wake wote juu ya dhambi, anasema kwamba kwa asili, jinsi Mungu alivyomwumba, hakuna aliye mtumwa wa mtu. Wala hakuwaagiza mabwana wawaachie watumwa wao, na hilo ni doa lake. Lakini mafundisho yake ya anguko yana usawa mgumu ndani yake: bwana na mtumwa wameanguka sawasawa.

Sisi Watanzania tuliwahi kuujaribu ubishi huu katika taifa zima. Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya ujamaa, Mwalimu Nyerere alisema Waafrika hatuhitaji kuongolewa ili tuwe wajamaa, maana ujamaa una mizizi katika maisha yetu ya jadi. Mkatoliki wa ibada ya kila siku alilitumia neno la kanisani, kuongoka, akasema hapa halihitajiki. Miaka mitano baadaye, Azimio la Arusha likaweka miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, miiko hiyo ililegezwa. Mchungaji atasema uzio hauubadilishi moyo, ndiyo maana watu walikuwa wakiungojea uanguke. Mwanafunzi wa Aristotle atasema uzio uling'olewa mche haujakomaa. Nimeyapima yote mawili na sioni linalomfukuza mwenzake. Aliyeweka miiko ile alikwisha kuona, nadhani, kwamba mbegu njema peke yake haitoshi.

Mfano ninaoupenda zaidi uko karibu nasi. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Wakristo la toba na wokovu, ulianzia miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya, na kwetu kupitia Bukoba. Walokole, yaani watu wa uamsho huo, waliamini kama Augustino: mimi ni mwenye dhambi, damu ya Yesu ndiyo inayosafisha. Lakini waliishi kama mafundi. Walirudisha walichoiba, na walikutana mara kwa mara "kutembea nuruni", kila mmoja akisema makosa yake mbele ya wenzake. Walikuwa na ukali uliowaumiza wengine, na wapo waliogeuza maungamo kuwa mashindano. Hata hivyo hapo naona neema na mazoezi vikivaa nguo moja.

Mikutano mingi ya kufunguliwa tunayoiona sasa jijini imebaki na nusu. Hasira ni pepo, uzinzi ni pepo, uvivu nao pepo. Siwadharau wanaokwenda. Kuna huruma kubwa katika kumwambia mtu aliyechoka na nafsi yake kwamba yeye si dhambi yake. Ninachokihofia ni siku ya tatu baada ya mkutano, hasira inaporudi, na mtu hakufundishwa afanye nini isipokuwa kurudi kuombewa. Anajiona nyumba wanamoingia na kutoka wageni, naye mwenyewe hana kazi ndani yake. Paulo aliwaandikia Wafilipi "utimizeni wokovu wenu wenyewe", na pumzi hiyohiyo akaongeza kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Wahubiri wetu wanagawana mstari huo, mmoja huku, mwingine kule.

Jumatano jioni huwa tunakutana watu sita au saba sebuleni kwa mwenzetu, Mtoni. Juzi niliwaambia habari ya chenji. Nilitegemea tuinamishe vichwa tuombe, nipewe neno la faraja. Mzee mmoja aliyekulia Bukoba kati ya walokole hakufumba macho. Aliniuliza, "Mwanangu, gari lilikuwa na namba gani?"

Nikasema namba siikumbuki, ila sura ya konda naikumbuka, na ilikuwa kama saa sita mchana.

"Basi Jumapili saa sita ukasimame palepale ulipolipandia."

Noti ya elfu tano nimeiweka ndani ya Biblia. Jumapili ni keshokutwa.